Anzia Pembeni: Namna ya Kusoma Picha ya Zamani ya Mtaa wa Dallas, Fort Worth au Houston

Nyuma ya picha nyingi za zamani za mitaa ya Texas utakuta maandishi ya kalamu: "Houston, miaka ya 1930" au "Dallas, kabla ya vita". Usiyaamini upesi. Mara nyingi aliyeandika ni mtoto au mjukuu, miaka mingi baada ya picha kupigwa, akikisia kwa kutazama kofia.

Mwongozo huu ni wa mtu wa kawaida mwenye picha mkononi. Huenda mtoto wako ameleta kazi ya shule huko Fort Worth inayotaka picha ya mtaa wa zamani. Huenda wewe ni Mkongomani wa Vickery Meadow, Dallas, uliyenunua boksi la picha kwa bei ya soda kwenye mnada wa vitu vya marehemu. Au uko Moshi, na kwenye albamu ya familia yumo mjomba aliyekwenda kusoma Houston, kaegemea gari ambalo ukoo mzima unaamini lilikuwa lake. Mbinu ni ile ile kwa wote, na haihitaji shahada ya historia.

## Kwa nini uanzie pembeni

Mpiga picha alikuwa na sababu ya kufyatua kamera. Alitaka hoteli mpya, gwaride, au duka la mteja aliyemlipa. Alichokitaka kakiweka katikati, kimenyooka, baada ya kusubiri mwanga ukae sawa. Kwenye pembe za picha hakupanga kitu: kijana anayekatisha barabara, pleti ya gari lililoegeshwa, bango la filamu ya wiki ile, nyaya, reli. Tarehe na mahali utavipata huko.

Sababu ya pili ni kwamba miji hii hubomoa bila huruma. Duka kubwa la Foley's pale Main Street, Houston, lilifunguliwa mwaka 1947 na likabomolewa mwaka 2013. Ukisema utalinganisha picha na mtaa wa leo kwa macho tu, unaweza kufika kwenye kona yenyewe ukakuta uwanja wa maegesho. Lazima ujue kuisoma picha yenyewe kwanza.

## Kabla ya kusoma: itunze

Weka mezani lenzi ya kukuza, taa nzuri, penseli laini na karatasi. Kisha:

1. Nawa mikono, uikaushe. Shika picha kwa kingo tu; mafuta ya vidole huacha alama isiyotoka.
2. Tazama nyuma kabla ya mbele. Muhuri wa studio, jina la maabara, namba ya oda, hata gundi ya albamu ni ushahidi.
3. Ipige skani pande zote mbili, kingo zikiwemo. Kwa picha ya karatasi tumia nukta 600 kwa inchi. Kwa negativu ndogo, 2400 au zaidi. Hifadhi nakala moja ambayo hutaigusa kabisa.
4. Ukitaka kuandika nyuma, tumia penseli laini. Kalamu ya wino hupenya mpaka upande wa pili.
5. Usiihifadhi gereji, darini wala kwenye gari. Joto la Dallas na unyevu wa Houston huharibu picha haraka kuliko miaka.

Onyo. Usianze kwa kuipitisha kwenye programu ya kunoa au kupaka rangi. Programu hizo hazirudishi kilichopotea, hukisia. Nyuso hutoka laini na nzuri, lakini herufi za bango hugeuka herufi za kubuni na namba ya gari inakuwa namba ambayo haijawahi kuwepo. Kama unataka picha ya kutundika sebuleni, sawa. Ya kusomea ni ile yenye mikwaruzo yake.

## Hatua za kusoma

Hatua ya 1. Funika maelezo. Weka karatasi juu ya maandishi yoyote ya chini au ya nyuma. Ukishasoma "1936" utaanza kuona 1936 kila mahali.

Hatua ya 2. Igawe. Chora kichwani gridi ya visanduku tisa. Anza na vile vinne vya pembeni, maliza na cha katikati. Kila kisanduku kiandikie unachokiona, si unachodhani. "Mwanamume mwenye aproni nyeupe mlangoni" ni maelezo. "Muuza nyama" ni dhana, na inaweza kusubiri.

Hatua ya 3. Kusanya maandishi yote. Hata nusu ya neno. Majina ya maduka, bei, namba za simu, majina ya mitaa kwenye nguzo, matangazo yaliyopakwa kwenye kuta za matofali. Angalia kwanza kama herufi zimekaa sawa au zimegeuka kama kwenye kioo. Negativu nyingine zilichapishwa kinyumenyume. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki awe mwangalifu zaidi: macho yetu yamezoea usukani wa kulia na magari kupita kushoto, kwa hiyo picha ya Texas iliyogeuzwa inaweza kuonekana ya kawaida kabisa kwetu. Usukani wa kulia kwenye magari yote ya Elm Street maana yake picha imegeuka.

Bango la jumba la sinema ni zawadi. Elm Street, Dallas, ilikuwa na majumba yaliyopangana, na Majestic, lililofunguliwa mwaka 1921, bado limesimama. Houston, Main Street ilikuwa na Metropolitan na Loew's State. Jina la filamu likisomeka, tafuta mwaka ilipotolewa, kisha tangazo la jumba hilo kwenye gazeti la mji. Kwa bahati kidogo utaipata wiki yenyewe. Hakuna kitu kingine mtaani kinachokufikisha karibu hivyo.

Hatua ya 4. Tazama magari, na utafute jipya kuliko yote. Gari la zamani halithibitishi kitu. Watu huendesha magari makuukuu, jana na leo. Gari jipya kuliko yote ndilo linalosema picha haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka fulani. Kisha shuka kwenye pleti. Texas ilitoa pleti mpya karibu kila mwaka hadi 1975, na kwa miongo mingi mwaka uliandikwa juu yake. Pleti ya 1936 ina neno "Centennial", kwa sababu ya sherehe za miaka 100 ya Texas; ya 1968 ina "HemisFair", maonyesho ya San Antonio.

Kuna mtego hapa. Viwanda vya Marekani viliacha kutengeneza magari ya watu binafsi Februari 1942 na havikurudi mpaka 1945. Picha ambayo gari lake jipya ni la 1942 inaweza kuwa ya 1942, 1943, 1944 au 1945. Katika hali hiyo hamia kwenye sare za kijeshi na mabango ya hati za akiba za vita.

Hatua ya 5. Tazama chini, kisha juu. Barabara ni ya vumbi, matofali au lami? Kuna reli? Kuna nyaya za umeme juu ya reli? Tramu za Houston ziliacha kupita Juni 1940. Za Dallas zilidumu hadi Januari 1956. Kati ya Dallas na Fort Worth kulikuwa na treni ya umeme tangu 1902, ikafa Desemba 1934. Ile ya Houston kwenda Galveston ilianza 1911 ikaisha 1936, na njia yake ndiyo iliyokuja kubeba sehemu ya Gulf Freeway, iliyofunguliwa 1948. Lakini reli kwenye Main Street ya Houston haimaanishi zamani peke yake. Treni mpya ya mjini ilianza kupita hapo Januari 2004. Kwa hiyo reli pale yenye gari linalopita juu yake ni ama ya 1940 kurudi nyuma, ama ya 2004 kuja mbele, na hilo la pili utalijua kwa simu mikononi mwa watu.

Hatua ya 6. Tazama upeo wa macho. Majengo marefu ya nyuma hufunga tarehe pande zote mbili: lililopo na lililokosekana. (Orodha iko kwenye kisanduku hapa chini.)

Hatua ya 7. Soma kivuli. Dar es Salaam au Mombasa, jua la adhuhuri huwa kaskazini kwa miezi mingi na kusini kwa mingine, na kivuli hubadilisha upande. Texas iko kaskazini kabisa mwa njia hiyo ya jua. Pale jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima, na kivuli huangukia kaskazini mwaka mzima. Urefu wake ndio unaobadilika. Adhuhuri ya Dallas, mtu wa mita 1.7 ana kivuli cha mita mbili na nusu hivi mwishoni mwa Desemba, na cha sentimita kama 28 tu mwishoni mwa Juni. Kivuli kirefu mbele ya watu waliovaa mashati ya mikono mifupi basi si cha adhuhuri, ni cha asubuhi au alasiri.

Tahadhari moja: mitaa ya katikati ya Houston haikunyooka kaskazini na kusini, iliwekwa kwa kufuata mkondo wa Buffalo Bayou. Katikati ya Dallas nako kuna gridi zaidi ya moja zinazogongana kwa pembe za ajabu. Fungua ramani kabla ya kusema "hii ni asubuhi".

Hatua ya 8. Nguo na watu, mwisho. Wengi huanzia hapa, na hapa ndipo wengi hupotea. Mtu alivaa suti ya miaka 10 kwenda mjini kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Nguo pia hutudanganya kuhusu mtu mwenyewe. Mwaka 1900 wanaume watano waliingia studio ya John Swartz pale Fort Worth, wakapiga picha wakiwa na suti na kofia za mviringo. Ukiwatazama utasema makarani wa benki. Walikuwa majambazi wa benki na treni, Butch Cassidy na Sundance Kid wakiwemo, na picha hiyo hiyo iliwasaidia wapelelezi kuwasaka.

Hatua ya 9. Andika kipindi, si mwaka. Jibu lako liwe na ncha mbili: "si kabla ya" na "si baada ya". Ncha ya kwanza inatoka kwenye kitu kipya kuliko vyote, ya pili kwenye kitu ambacho baadaye kiliondolewa. Ukipata kipindi cha miaka mitano umefanya kazi nzuri.

### Kisanduku: Miaka ya kufungia tarehe

*Mtaani popote Marekani*

- Mita za maegesho: hazipo kabla ya Julai 1935, zilipoanzia Oklahoma City.
- Alama ya kusimama: ya njano yenye herufi nyeusi hadi 1954, kisha nyekundu yenye herufi nyeupe. Kwenye picha isiyo na rangi, bamba la rangi ya mwanga lenye herufi nyeusi ni la zamani. Baadhi ya yale ya njano yaliachwa nguzoni miaka kadhaa zaidi.
- Anwani kama "Dallas 1, Texas", yenye namba ndogo baada ya mji: tangu 1943. Namba tano za posta: tangu Julai 1963.
- Namba za simu za eneo: 214 na 713 tangu 1947, 817 tangu 1953, 972 na 281 tangu 1996.
- Taa ndogo za ubavuni mwa magari: magari ya 1968 kuendelea. Taa ya tatu ya breki katikati ya kioo cha nyuma: magari madogo ya 1986 kuendelea. (Mjomba aliyerudi nyumbani 1984 hakuliegemea gari lenye taa hiyo.)

*Dallas*

- Mahakama ya zamani ya mawe mekundu: 1892. Mnara wake wa saa uliondolewa 1919 ukarudishwa 2007. Jengo bila mnara ni kati ya miaka hiyo miwili.
- Hoteli Adolphus: 1912. Magnolia, ghorofa 29: 1922. Farasi mwekundu mwenye mabawa juu yake: 1934, aliondolewa 1999, na nakala yake ikawashwa kuukaribisha mwaka 2000.
- Jengo la Mercantile lenye saa: 1943. Reunion Tower, mnara wenye tufe: 1978. Treni za mjini za DART: 1996.

*Fort Worth*

- Mahakama ya kaunti ya Tarrant, kichwani mwa Main Street: 1895.
- Viwanda vya nyama vya Swift na Armour karibu na mnada wa mifugo: 1903.

*Houston*

- Hoteli Rice: 1913. Jengo la Niels Esperson: 1927. Gulf Building: 1929. Ukumbi wa jiji wa sasa: 1939.
- One Shell Plaza: 1971. Mnara wa ghorofa 75 wa Texas Commerce, sasa JPMorgan Chase: 1982.

## Mfano wa kufanyia mazoezi

Tuchukue picha ya kubuni. Main Street, Houston, nyeusi na nyeupe. Nyuma kumeandikwa "1945".

Upande wa kushoto chini, nusu ya tramu inaondoka kwenye fremu, watu wakiwa ndani yake. Kulia, kando ya njia ya waenda kwa miguu, nguzo tatu fupi zenye vichwa vya duara: mita za maegesho. Kwa mbali, Gulf Building. Mbele ya maduka, turubai za kukinga jua zimeshushwa. Wanaume wengi wamevaa kofia za majani makavu.

Gulf Building inasema si kabla ya 1929. Mita zinasema si kabla ya Julai 1935. Tramu yenye abiria inasema si baada ya Juni 1940. Turubai na kofia zinasema msimu wa joto, ingawa Houston msimu huo ni mrefu na ushahidi huu ni mwepesi. Jibu: kati ya kiangazi cha 1935 na Juni 1940. "1945" ifutwe kwenye maelezo yako, lakini si kwenye picha. Maandishi ya nyuma ni sehemu ya historia ya picha hata yakikosea, yaache.

Sasa chukua lenzi na urudi kwenye pleti za magari. Neno "Centennial" likisomeka kwenye gari lolote, ncha ya chini inasogea hadi 1936.

## Waliomo kwenye picha, na waliotolewa nje

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sisi wenye ngozi nyeusi tunapotazama mitaa hii ya zamani tuna swali ambalo vitabu vya picha nzuri nzuri huliruka: watu wetu, au waliofanana nasi, wako wapi?

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 Texas ilitenganisha watu kwa rangi kwenye tramu, vituo vya treni, sinema, vyoo na kaunta za chakula. Kwa hiyo kwenye picha ya mtaa tafuta: mlango wa pembeni wa jumba la sinema, ngazi ya nje inayopanda kwenye roshani, bomba mbili za maji ya kunywa zilizokaa karibu, nani amekaa nyuma ya tramu. Tafuta pia nani anafanya kazi huku wengine wakitembea: mbeba mizigo, dereva wa tajiri, mwanamke aliyemshika mkono mtoto asiye wake. Mara nyingi watu hawa wako kwenye ukingo wa fremu, wamekatwa nusu.

Kama picha yako imetoka kwenye gazeti kubwa la mji, kumbuka kwamba magazeti hayo mara chache yalituma kamera kwenye mitaa ya watu weusi kama Deep Ellum ya Dallas au Third Ward ya Houston, isipokuwa kwa habari ya polisi. Mitaa yenyewe ilikuwa imejaa maisha. Pale Elm Street upande wa mashariki, Dallas, jengo la Knights of Pythias la mwaka 1916 lilichorwa na William Sidney Pittman, msanifu mweusi aliyekuwa mkwe wa Booker T. Washington, na madaktari na mawakili weusi walikuwa na ofisi humo. Leo ni hoteli. Houston, watu waliotoka utumwani walichanga fedha wakanunua ardhi ya Emancipation Park mwaka 1872, na kwenye Freedmen's Town kuna mitaa ya matofali ambayo wakazi wanasimulia kuwa wazee wao waliitandaza wenyewe. Ukikuta picha yenye matofali hayo, usiharakishe kuandika "mtaa wa maskini". Andika jina la mtaa.

Ili kuona mitaa hii kwa macho ya wenyewe, tafuta kazi za wapiga picha weusi: R. C. Hickman na Marion Butts wa Dallas, Calvin Littlejohn wa Fort Worth, Benny Joseph wa Houston. Kwao, kinachokuwa pembeni kwa wengine kiko katikati. Binafsi naona picha moja ya Hickman ya mtaa wa Dallas ya miaka ya 1950 inafundisha zaidi ya kitabu kizima cha kadi za posta.

Kuna pia picha ambazo hazikupigwa. Machi 4, 1960, wanafunzi wa Texas Southern University walitembea kutoka chuoni hadi duka la Weingarten's, Almeda Road, wakaketi kwenye kaunta iliyowakataza. Agosti 25 mwaka huo huo maduka ya katikati ya Houston yakaanza kuwahudumia watu weusi kwenye kaunta zake, kimya kimya, kwa makubaliano kwamba magazeti, redio na televisheni za mji zisitangaze. Msomaji anayetafuta picha ya siku hiyo kwenye magazeti makubwa ya Houston atatafuta sana. Hali hiyo iandike kwenye maelezo yako: "Hakuna picha ya gazeti, habari ilizuiwa." Hayo nayo ni maelezo.

## Makosa yanayofanywa kila siku

Kugeuza kitu cha ajabu kuwa siri. Dealey Plaza, Dallas, Novemba 22, 1963, siku Rais Kennedy alipouawa hapo, huenda ndiyo kona ya mtaa iliyochunguzwa kwa lenzi kuliko zote duniani. Watu wamesoma kila mkunjo wa shati. Bango la Hertz juu ya paa la ghala la vitabu lilikuwa na saa, na lilisaidia kuthibitisha muda: saa sita na nusu mchana. Huo ni usomaji mzuri. Lakini kwenye picha hizo kuna mwanamume kafungua mwavuli mweusi siku ya jua kali, na kwa miaka mwavuli huo ulizaa hadithi za kila aina, hadi bunduki iliyofichwa. Mwaka 1978 Louie Steven Witt alijitokeza mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akaeleza kwamba alikuwa akimkejeli Kennedy kwa sababu ya siasa za baba yake Kennedy, aliyemuunga mkono Chamberlain, waziri mkuu wa Uingereza aliyejulikana kwa mwavuli wake. Ni sababu ambayo hakuna mtazamaji angeikisia kutoka kwenye picha. Ukiona kitu cha ajabu, kieleze kilivyo na uache hapo.

Kutambua mtu kwa kufanana. Kwenye picha ya James Altgens ya siku hiyo hiyo, mtu mmoja mlangoni mwa ghala la vitabu alidhaniwa na wengi kuwa Oswald, mtuhumiwa wa mauaji hayo. Tume ya Warren, iliyochunguza mauaji hayo, ilihitimisha kuwa ni mfanyakazi mwenzake, Billy Lovelady. Usiandike jina la mtu chini ya picha kwa sababu ya pua yake.

Kuamini ng'ombe. Ng'ombe wenye pembe ndefu wakipita kwenye matofali ya Exchange Avenue, Fort Worth, huonekana kama karne ya 19. Tangu 1999 jiji linaswaga kundi lake hapo kwa ajili ya watalii. Picha ya namna hiyo ikipakwa rangi ya kahawia huuzwa kama ya kale.

Kuchanganya tarehe ya kusafisha na ya kupiga. Picha nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zina mwezi na mwaka kwenye ukingo mweupe. Hiyo ni tarehe ya maabara. Filamu ya Krismasi ingeweza kukaa ndani ya kamera hadi Julai.

Kudhani njia tupu ni mji uliokufa. Chini ya katikati ya Houston kuna njia za chini kwa chini zaidi ya maili 6, zenye maduka na viyoyozi. Dallas nayo ina zake. Picha ya Agosti saa saba mchana yenye njia tupu inaweza kumaanisha tu kwamba watu wako chini wanakula.

## Pa kuhakikishia

Ukishapata kipindi chako, nenda kwenye rekodi, kwa mpangilio huu.

1. The Portal to Texas History, inayoendeshwa na University of North Texas, Denton. Bure mtandaoni: picha, magazeti, ramani. Anzia hapa.
2. Vitabu vya orodha ya wakazi wa mji. Vilitolewa karibu kila mwaka; Worley kwa Dallas, Morrison & Fourmy kwa Houston. Tafuta jina la duka ulilolisoma, utapata anwani, kisha fuatilia mwaka lilipoingia na lilipotoka. Vitabu vingi vya zamani viliweka herufi c kwenye mabano pembeni mwa majina ya watu weusi. Inauma kuisoma, lakini ni moja ya njia za kumpata mwenye duka mweusi ambaye gazeti lilimpuuza.
3. Ramani za bima ya moto za Sanborn. Zinaonyesha kila jengo: ukubwa, ghorofa, matumizi. Zile zenye rangi, waridi ni matofali na njano ni mbao. Za Texas zipo mtandaoni kwenye maktaba ya University of Texas, Austin.
4. Vyumba vya kumbukumbu. Dallas: ghorofa ya saba ya maktaba kuu ya jiji, ambako pia ziko picha za Marion Butts. Fort Worth: University of Texas at Arlington, yenye hazina ya picha za Star-Telegram. Houston: jengo la Julia Ideson la maktaba ya jiji, na Gregory School kwa historia ya watu weusi. Picha za Hickman na Littlejohn ziko Briscoe Center, Austin. Piga simu kabla ya kwenda.
5. Library of Congress. Russell Lee alipiga Houston mwaka 1939 na John Vachon mwaka 1943, wote kwa ajili ya serikali. Picha hizo ni bure kuzitumia na zina mwezi na mwaka, kwa hiyo zitumie kama kipimo cha kulinganishia yako.

Kuhusu haki: kununua karatasi hakukupi haki ya kuichapisha picha. Kutundika ukutani nyumbani hakuna shida. Kuiweka kwenye menyu, fulana au kitabu, uliza kwanza.

## Orodha ya kumalizia

☐ Skani mbili, mbele na nyuma, nakala moja haijaguswa
☐ Herufi zimekaa sawa, picha haijageuka
☐ Maandishi yote yameandikwa kama yalivyo
☐ Kitu kipya kuliko vyote: ____ (si kabla ya)
☐ Kitu kilichoondolewa baadaye: ____ (si baada ya)
☐ Kona imetajwa kwa mitaa miwili, na kamera ilikoelekea
☐ Dhana zimetengwa na ushahidi
☐ Hakuna jina la mtu lililokisiwa
☐ Rekodi moja ya nje imethibitisha angalau jambo moja

Na kabla hujaifunga bahasha, chukua simu yako. Picha zako za Gulfton kule Houston, za Vickery Meadow, za sherehe ya Uhuru kwenye maegesho ya kanisa, nazo zitakuwa za zamani. Chapisha chache, na nyuma yake andika kwa penseli tarehe, mitaa miwili ya kona, na majina ya waliokubali kutajwa. Kisha piga simu kwenye maktaba ya jiji lako uulize kama watazipokea.